Mwongozo Kamili: Kuandaa Baraza la Wazee na Matembezi ya Majengo ya Kale Bagamoyo

Vikundi vingi vinavyotaka kujifunza historia ya Bagamoyo vinakwama palepale. Walimu na wanafunzi, vijana wa mtaa, hata familia zenye asili ya Dunda na Magomeni, kata za hapa mjini, wanazunguka Ngome Kongwe, wanapita Barabara ya India, wanapiga picha kwenye mlango wa nakshi, wanarudi nyumbani. Kesho yake ukiwauliza nyumba ile ilikuwa ya nani, hakuna ajuaye. Wengine wanamwalika mzee ukumbini, anazungumza saa mbili nzima, watu wanasinzia, na hakuna aliyeandika neno.

Tatizo ni kuvitenga vitu viwili vinavyohitajiana. Mzee akisimulia bila jengo mbele yenu, maneno yanapotea. Jengo bila mzee ni ukuta tu. Mpangilio unaofaa ni huu: baraza kwanza, matembezi baadaye, na kila mtu aingie barabarani akiwa na jambo alilolisikia ambalo anakwenda kulitazama kwa macho yake.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu 10 hadi 15. Wakizidi hapo, wa nyuma hawatasikia kitu.

## Mahitaji

- Daftari na penseli kwa kila mshiriki. Kalamu ya wino huchafua karatasi mkono ukiwa na jasho.
- Simu mbili za kurekodia sauti, na pawabenki iliyojaa chaji.
- Tepu ya fundi, ya mita 5.
- Tochi ndogo kwa vyumba vya chini.
- Picha za zamani za mji, zilizochapishwa kwenye karatasi kubwa. Mzee asiyeona vizuri hataweza kuzitazama kwenye simu.
- Ramani ya mji iliyochorwa kwa mkono, mitaa bila majina.
- Mikeka, na viti viwili vitatu kwa wenye magoti mabovu.
- Kahawa, kashata au tende, na maji ya kunywa ya kutosha.
- Kanga au kikoi cha ziada kwa ajili ya maeneo ya ibada na makaburi.
- Dawa ya kidonda, bandeji, kofia au miavuli.
- Barua ya utambulisho ya shule au kikundi.

Spika ya kubeba mkononi si lazima. Kikundi kikiwa kidogo, sauti ya mtu inatosha, na wenyeji wa mtaa hawatahisi kwamba kuna mkutano wa hadhara uliowavamia.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja

"Historia ya Bagamoyo" si swali. Mzee akiulizwa hivyo atakupa maneno yaleyale anayompa kila mgeni, kwa kuwa hujui unachokitafuta.

Chagua swali ambalo majengo yanaweza kusaidia kulijibu. Haya matatu yanafaa kuanzia:

Wapagazi walilala wapi, na nani alifaidika na mizigo yao? Swali hili litawapeleka Caravan Serai (jengo la kupumzikia misafara), maduka ya zamani ya Barabara ya India, na ufukweni pembe za ndovu zilikopakiwa kwenye majahazi ya kwenda Unguja. Hapo ndipo linapoingia jina la Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa akiiandalia misafara wapagazi na bidhaa, na aliyeacha pia jengo la shule mjini.

Wajerumani waliutawala mji huu kutoka majengo gani? Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu kuanzia 1888 hadi 1891, kisha wakahamia Dar es Salaam. Boma kubwa mnaloliona leo lilijengwa 1897, makao makuu yakiwa yameshaondoka. Kwa nini wajenge jengo kubwa namna ile baada ya kuhama? Swali hilo peke yake linatosha kuchemsha baraza zima.

Nyumba za mawe zilikuwa za nani, na waliozijenga kwa mikono yao ni nani? Hili ndilo ninalolipenda zaidi. Linawaleta mezani mafundi, wachoma chokaa na wakata mikoko, watu ambao vibao vya makumbusho huwataja kwa nadra.

Ukishapata swali, chagua majengo matano, usizidishe. Kila jengo linataka dakika 20 za kusimama, kutazama na kubishana. Matano na mwendo wa katikati ni kama saa mbili, na baada ya hapo miguu na masikio huchoka pamoja.

Onyo: usichanganye mji mkongwe, Misheni ya Kikatoliki na magofu ya Kaole katika siku moja. Kaole iko kilomita kama tano kusini mwa mji, na Misheni peke yake inakula asubuhi nzima.

Utajua uko tayari pale utakapoweza kulitamka swali lako kwa pumzi moja, na mtoto wa darasa la tano akalielewa.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa

Anza na mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisi ya mtendaji wa kata. Kwa majengo yaliyo chini ya uangalizi wa serikali, nenda kwa wasimamizi wa eneo ukiwa na barua, uliza kiingilio cha wenyeji na cha wanafunzi, na dai stakabadhi. Kwa nyumba za watu, ruhusa ni ya mwenye nyumba. Mpangaji au jirani hawezi kumjibia.

Ombeni mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Na mkikataliwa nyumba moja, shukuruni, mtafute nyingine.

## Hatua ya 3: Watembelee wazungumzaji nyumbani kwao

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufaulu, kwa hiyo usiharakishe.

Tafuta watu watatu ambao maisha yao hayafanani. Mmoja awe mzee mwenye jina la kujua historia, kwa sababu mtaa utashangaa asipokuwepo. Wa pili awe mtu wa kazi: fundi aliyeshika chokaa, mvuvi, mchonga milango, mpishi wa shule. Wa tatu awe mwanamke aliyekaa mji mkongwe muda mrefu. Mabaraza mengi yamejaa wanaume tupu, na matokeo yake tunajua nani alitawala na hatujui maji yalichotwa wapi.

Nenda baada ya alasiri, watu wanapopumzika. Usiende na kinasa sauti siku ya kwanza. Kaa, pokea chai, jieleze wewe ni mtoto wa nani na umetumwa na nani. Kisha uliza jambo dogo analolijua kwa miguu yake:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Babu, ulipokuwa mdogo, ukitoka chuoni, kusoma Kurani, kwenda pwani ulipita njia gani?"

Swali la namna hiyo hufungua mlango. Ataanza kuhesabu: hapa palikuwa na duka la nguo, kona ile alikaa fundi viatu, nyumba ya ghorofa wenyewe walihamia Dar es Salaam, pale tulikuwa hatupiti usiku. Katika dakika kumi umepata mtaa mzima. Ungemwuliza "tuambie kuhusu Waarabu", ungepata hotuba.

Kwa bibi uliza harusi zilipitishwa wapi, nani alikuwa na kisima, nyumba ipi ilikuwa na ukumbi wa wanawake. Mambo ya unyago na ya ndani ya familia mwachie mwenyewe achague atakachosema.

Onyo kubwa: utumwa. Bagamoyo ina familia ambazo mababu zao waliuzwa na familia ambazo mababu zao waliuza, na leo ni majirani, wameoana, wanazikana. Usimwulize mtu yeyote mbele za watu kama babu yake alikuwa mtumwa au bwana wa watumwa. Uliza kuhusu njia, majengo, kazi, vyakula. Akitaka kufika huko mwenyewe, atafika, na akifika, nyamaza umsikilize. Baadaye, mkiwa wawili, mwulize kama yale aliyosema yaandikwe au yabaki hapo.

Jambo la posho nalo lizungumzwe mapema. Mwambie mzee waziwazi kwamba kikundi ni cha kujitolea, lakini nauli ya bajaji mtalipa na mtaleta shukrani. Kilo mbili za sukari, majani ya chai au doti ya kanga ni heshima tosha. Mpe nyumbani kwake. Kumkabidhi bahasha mbele ya mkutano kunamfanya aonekane mtu aliyelipwa ili aseme.

Hatua hii imekamilika pale mzee anapokutajia jina la mtu mwingine wa kumwona. Maana yake amekuamini.

## Hatua ya 4: Tembea njia yako peke yako

Fanya hivyo saa ileile mtakayotembea na kikundi. Angalia kivuli kiko wapi, pikipiki zinapita wapi, na mahali gani watu 15 wanaweza kusimama bila kuziba mlango wa mtu. Angalia ngazi zilizooza na kuta zenye nyufa pana, kisha panga watu wakae mbali nazo. Kama njia inaishia soko la samaki, jua maji yatakuwa yamejaa au yametoka, kwa kuwa mandhari ya ufukwe hubadilika kabisa.

Tayarisha ukurasa mmoja wa maelezo kwa kila jengo, wenye yale tu unayoweza kuyasimamia. Kwa Ngome Kongwe, kwa mfano: inahesabiwa kujengwa karibu na 1860, ilikuwa ya Mwarabu aitwaye Abdallah Marhabi, Wajerumani wakaifanya kambi ya jeshi, Waingereza wakaifanya gereza. Mistari minne inatosha. Mengine yatoke barazani.

## Hatua ya 5: Endesha baraza

Jumamosi baada ya alasiri ni wakati mzuri. Tandikeni mikeka chini ya mti au kwenye baraza ya nyumba, watu wakae duara. Msiweke meza kuu. Meza kuu inaleta wageni rasmi, wageni rasmi wanaleta hotuba, na muda wa wazee unaliwa.

Anzeni kwa dua fupi, kahawa ipite, kisha mwongozaji ataje swali la siku. Kila mzungumzaji apewe dakika 15, halafu maswali. Jumla isizidi saa moja na nusu.

Kuhusu kurekodi, mambo haya yanaokoa kazi yote:

1. Weka simu zote mbili kwenye hali ya ndege, ili mtu akipiga kurekodi kusikatike.
2. Lazeni simu juu ya kanga iliyokunjwa, karibu na mzungumzaji. Ikiwa juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama nyundo.
3. Zima feni. Rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize.
4. Anza kwa kusema tarehe, mahali, jina la mzungumzaji na kwamba ameridhia kurekodiwa. Aseme "ndiyo" kwa sauti yake.

Zungusheni picha za zamani, kisha tandazeni ile ramani isiyo na majina katikati ya duara. Mwombeni kila mzee awaambie majina ya mitaa na nyumba alivyozijua, kijana mmoja aandike. Hapo ndipo baraza huchangamka: mmoja anasema duka lilikuwa kushoto, mwingine anaapa lilikuwa kulia, wa tatu anakumbuka lilihama.

Msitafute mshindi. Andikeni kauli zote mbili, kila moja na jina la msemaji wake. Chukua mfano wa masimulizi ya njia ya chini kwa chini kutoka Ngome hadi baharini, yanayosimuliwa sana mjini. Mwongozaji asiseme "ni kweli" wala "ni uongo". Aulize: "Uliisikia kwa nani? Yeye aliiona, au naye aliambiwa?" Majibu ya maswali hayo mawili yana thamani kuliko ubishi wa saa nzima.

Onyo: usimkatize mzee kumsahihisha mwaka. Andika alivyosema, tafuta baadaye. Watu wengi hukumbuka kwa matukio: mwaka wa mafuriko, mwaka aliozaliwa fulani. Mwulize tukio gani lilitangulia, utaupata mwaka bila kumwaibisha.

Baraza limefaulu kama watu wanaendelea kubishana wakati mikeka inakunjwa.

## Hatua ya 6: Acha wiki moja ipite

Wengi wanataka kutembea siku hiyohiyo. Mimi nashauri msubiri hadi Jumamosi inayofuata. Katika wiki hiyo kila mshiriki amwulize mtu mmoja wa nyumbani kwake jambo moja alilolisikia barazani, aandike jibu. Wachache wataacha njiani, na hiyo si hasara. Watakaorudi watarudi na maneno ya bibi zao, na matembezi yatakuwa yao.

Tengenezeni karatasi ya safu tatu: *tulichosikia*, *tulichokiona*, *cha kuuliza tena*. Safu ya kwanza ijazwe kabla ya kutoka.

## Hatua ya 7: Matembezi yenyewe

Anzeni saa 1:30 asubuhi, mmalize kabla ya saa 4, jua halijachachamaa. Mmoja awe mbele, mmoja nyuma asiyeacha mtu. Kila kituo kiwe na sheria hii: dakika mbili za kutazama kimya, ndipo mtu aseme. Mwongozaji akitangulia kusema, watu wanaangalia mdomo wake badala ya ukuta.

### Namna ya kulisoma jengo

Ukuta. Tafuteni mahali plasta ilipobanduka. Ndani mtaona mawe ya matumbawe, meupe yenye vitundu, yameshikwa na chokaa. Chokaa hiyo ilichomwa kwa matumbawe na kuni za mikoko. Kisha tazameni sehemu za chini za kuta zilizopigwa saruji miaka ya karibuni: saruji imevimba, inamenyeka kwa mapande. Ukuta wa matumbawe unahitaji kupumua. Saruji inaziba unyevu na chumvi ndani, na chumvi inausukuma ukuta nje. Kama mna fundi chokaa kikundini, mpeni nafasi hapa, hamtajuta.

Dari na upana wa chumba. Hapa ndipo tepu inapofanya kazi. Ingieni chumba mlichoruhusiwa, mpime upana kutoka ukuta hadi ukuta. Katika nyumba nyingi za kale mtapata chini ya mita tatu, hata kama chumba ni kirefu sana. Inueni macho: boriti za mikoko zimelazwa kwa upana. Boriti ndefu kupita hapo hupinda ikibeba sakafu ya mawe na chokaa, kwa hiyo mkoko ndio ulioamua upana wa chumba cha tajiri. Vijana wakigundua hilo kwa kupima wenyewe, hawalisahau.

Mlango. Tazameni kizingiti cha juu: kimenyooka au ni nusu duara? Bawa la mlango lina miraba na vichwa vya misumari ya shaba, au ni ubao mtupu? Chorani nakshi kwa penseli, hata vibaya, maana mkono unaona yanayolipita jicho. Waongozaji wengi watawaambia kila nakshi ina maana moja: mnyororo ni utumwa, samaki ni riziki. Andikeni hayo kwenye safu ya kwanza kama yaliyosemwa, kisha mkamwulize mchongaji. Na mjue Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, hata zikiwa kwenye nyumba ya mtu. Mkikuta mlango uliong'olewa unasubiri mnunuzi, pelekeni taarifa ofisini badala ya kugombana barabarani.

Mabadiliko. Dirisha lililozibwa, ghorofa iliyoongezwa, tundu la boriti isiyokuwepo tena. Kwenye Boma la 1897 tazameni matao na meno ya juu ya ukuta, Wajerumani walivyoiga ujenzi wa watu waliowakuta hapa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliangusha sehemu ya jengo hilo, na wakazi wengi wanaikumbuka siku yake. Huo ni ushahidi ulio hai, ukusanyeni sasa.

Katika kila kituo someni kauli moja ya barazani kwa sauti, mkiwa mmesimama palepale ilipohusu. Kisha mjaze safu ya pili. Kama mzee ana nguvu ya kuja vituo viwili vya mwanzo, mleteni kwa bajaji na kiti chake.

Maonyo ya njiani: msiegemee kuta, msikwangue plasta, msipige picha za watu kabla ya kuwaomba, na msiingie uani kwa sababu tu mlango uko wazi.

## Njia mbili za siku nyingine

Misheni ilianzishwa 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu, na kijiji cha watumwa waliokombolewa kilikuwa hapo. Mnara wa kanisa la kwanza ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulipolazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Swali la kwenda nalo: nani walioubeba? Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wahudumu wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao, waliutembeza mwili kwa miguu miezi mingi. Anzeni na wabebaji.

Kaole ni magofu ya mji wa Waislamu wenye msikiti unaorudishwa hadi karne ya 13, pamoja na makaburi ya nguzo. Watu bado huja kuomba dua pale. Vaeni kwa heshima, msipande juu ya makaburi, na msiokote kigae hata kimoja. Kigae kikiondoka mahali pake hakimwambii mtaalamu chochote tena.

## Hatua ya 8: Andika, hifadhi, rudisha

Siku hiyohiyo jioni kaeni pamoja mjaze safu ya tatu. Mkiacha hadi kesho, nusu imesahaulika.

Faili za sauti zipewe majina yanayoeleweka: tarehe, mahali, mzungumzaji. Wekeni nakala sehemu tatu, moja iwe nje ya simu. Mkitumiana WhatsApp, tumeni kama hati, kwa sababu ikirekodiwa upya kama ujumbe wa sauti ubora unashuka. Andikeni mazungumzo kama yalivyosemwa, na lahaja yake. Mzee akisema kwa Kiswahili cha Mrima, yaani cha pwani hii, msimgeuzie maneno yawe ya kitabuni.

Kisha rudini kwa kila mzungumzaji mkiwa na nakala iliyochapishwa kwa herufi kubwa. Msomeeni. Atafuta mawili, ataongeza matano, na yale matano mara nyingi ndiyo bora kuliko yote. Asiporidhia jambo fulani lisambazwe, liondoeni bila kubishana. Nakala aliyoikubali ipelekwe shule ya karibu na ofisi ya kata, na moja ibaki kwake.

Kabla hujaaga, mwonyeshe ile safu ya tatu na umwulize nani mjini anaweza kuijibu. Majina atakayokutajia ndio wazungumzaji wa baraza lijalo, na ziara ya kwanza unaweza kuifanya wiki hiyohiyo.